Je, Ofisi Iko Tayari? Somo la Kupima Ubora wa Kazi za Serikali

Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi wa Kidato cha Nne wangependa kufanya kazi gani, wengi hujibu kwamba wataka kazi ya serikali. Ni nia njema, wala sina neno la kuipinga. Lakini nikiwauliza tena, "Ukiingia katika ofisi hiyo, utajuaje kama inafanya kazi vizuri au vibaya?" darasa zima hunyamaza. Mmoja husema, "Kama watu wake ni wachapa kazi." Mwingine husema, "Kama ina kompyuta." Basi nimeonelea nitumie kurasa hizi kuleta somo dogo juu ya jambo hili, kwa faida ya wanafunzi watakaoketi katika viti hivyo kesho, na ya walimu, kwani sisi nasi tu watumishi wa serikali, na ya wazazi ambao huenda katika ofisi hizo leo na kungoja kwenye benchi.

UBORA NI NINI?

Neno hili twalitumia kila siku bila kulifikiri. Twasema kitambaa bora, mbegu bora, elimu bora. Katika kazi za ofisi maana yake ni nyepesi: kumpa mtu kile anachokihitaji, kikiwa sahihi, kwa mara ya kwanza, na kwa wakati alioahidiwa. Neno la kushika hapo ni "kwa mara ya kwanza." Karani akimwandikia mtoto cheti cha kuzaliwa na kukosea herufi moja ya jina, hata akikitoa kwa tabasamu na ndani ya bahasha nzuri, kazi yake haikuwa bora. Herufi hiyo moja itamsumbua mtoto siku jina la cheti hicho litakapolinganishwa na jina lililo katika cheti chake cha mtihani.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu huonyesha mambo ambayo macho hayayaoni. Tuseme ofisi moja yahudumia watu 60 kwa siku. Tuseme tena kwamba mmoja katika kila watatu hurudishwa nyumbani kwa kukosa karatasi fulani ambayo hakuambiwa mapema. Hao ni watu 20 kwa siku. Kwa juma la siku 5 ni watu 100, na kwa majuma 50 ya kazi ni safari 5,000 za bure. Kama nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, wananchi wa wilaya hiyo wametoa shilingi 20,000,000 kwa mwaka bila kupata kitu chochote. Huo ni mfano tu wa kubuni, lakini kila mzazi anayesoma hapa anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe. Wala hatujahesabu siku ya kulima iliyopotea, wala mtoto aliyeachwa kwa jirani.

Tena angalieni upande wa pili wa dirisha. Karani huyo amewahudumia watu hao 20 mara mbili kila mmoja. Amechoka, foleni yake ni ndefu, na watu wamnung'unikia. Dawa yake ilikuwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni, yenye orodha ya vitu vinavyotakiwa. Kazi mbaya ina gharama kubwa kuliko kazi nzuri, na gharama hiyo hulipwa na mwananchi na mtumishi pamoja.

MAMBO HAYA YALIANZIA WAPI?

Elimu ya kusimamia ubora ilianzia viwandani. Mwaka 1924 Mmarekani Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric, alionyesha kwa hesabu jinsi ya kutenga kasoro za aina mbili: zile zinazotokea siku zote kwa sababu kazi yenyewe imepangwa hivyo, na zile zinazotokea mara moja moja kwa sababu ya pekee. Mfano wake ni kama huu. Mwanafunzi mmoja akichelewa siku moja, yawezekana baiskeli yake imepata pancha. Lakini nusu ya darasa ikichelewa kila Jumatatu, usiwachape wanafunzi. Tazama saa ya basi.

Aliyeyachukua mafundisho hayo na kuyapeleka mbali ni Mmarekani mwingine, W. Edwards Deming, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1993. Mwaka 1950 Chama cha Wanasayansi na Wahandisi cha Japani kilimwalika kufundisha huko. Japani ilikuwa imeharibiwa na vita, na bidhaa zake zilidharauliwa ulimwenguni. Deming aliwafundisha wahandisi, lakini alisisitiza kuzungumza pia na wakuu wa makampuni, kwa kuwa aliona kwamba pasipo wao mafundisho yangekufa. Mwaka uliofuata, 1951, Wajapani walianzisha tuzo yenye jina lake. Kuanzia mwaka 1962 viwanda vingi vya huko viliunda vikundi vidogo vya wafanyakazi wa kawaida, waliokutana kujadili kasoro za kazi yao wenyewe na kuzitafutia dawa.

Katika maandishi yake Deming alikadiria kwamba katika matatizo 100 ya kazi, kama 94 hutokana na namna kazi ilivyopangwa, jambo ambalo ni jukumu la wakubwa, na 6 tu hutokana na sababu za pekee. Aliwaandikia wakubwa wa kazi kanuni 14, na ya nane katika hizo ni kuondoa hofu kazini. Naomba msomaji aishike kanuni hiyo ya nane, maana tutairudia.

GEREJI YA MJI WA MADISON

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya viwanda vya redio na magari, ofisi ya serikali yahusianaje nayo?" Jibu la swali hilo laweza kupatikana katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, huko Marekani. Meya wake kuanzia mwaka 1983 hadi 1989 alikuwa Joseph Sensenbrenner. Baada ya kumsikia Deming, aliamua kuyajaribu mafundisho hayo katika serikali ya mji, akaanza na gereji ya magari ya halmashauri. Habari zake aliziandika mwenyewe mwaka 1991.

Malalamiko yalikuwa kwamba magari ya polisi na ya taka yakiingia gereji hukawia mno kutoka. Katika ofisi nyingi mkubwa angeandika barua kali kwa mafundi. Sensenbrenner alifanya vingine. Yeye na msaidizi wake walikwenda gereji wenyewe, wakawauliza mafundi, nao mafundi wakakusanya hesabu za kazi yao. Ikaonekana kwamba mara nyingi gari hungoja kwa sababu spea yake haipo. Msimamizi wa spea alipoulizwa, alieleza kwamba mji una magari ya aina, miundo na miaka mingi mno. Nani awezaye kuweka stoo spea za aina zote hizo?

Kwa nini basi mji ulinunua aina nyingi hivyo? Kwa sababu kila mwaka ulinunua gari lililokuwa na bei ndogo siku ile. Fundi alijua kwamba ni ujinga. Mkubwa wake naye alijua, lakini alisema idara ya manunuzi haikubali kubadilisha. Idara ya manunuzi ikasema mdhibiti wa fedha hakubali. Mdhibiti wa fedha akasema mwanasheria wa mji hataruhusu. Walipomfikia mwanasheria, akajibu kwamba hakuna sheria inayokataza. Waandike tu katika masharti ya kununua kwamba wataka pia wepesi wa matengenezo na upatikanaji wa spea. Alidhani kwamba siku zote wamekuwa wakifanya hivyo!

Hapo ndipo nataka wanafunzi wasimame kidogo. Hakuna mtu mvivu katika habari hiyo, wala hakuna mwizi. Kila mmoja alijua kipande chake cha ukweli, na kila mmoja alidhani mwingine ndiye azuiaye njia. Ukweli wote ulikuwapo ndani ya jengo la serikali, lakini haukuwa na njia ya kupanda ngazi. Ulipopata njia, na mji ulipoanza kuyatunza magari kabla hayajaharibika, muda wa gari kukaa gereji ulipungua kutoka siku 9 hadi 3, na kila dola moja iliyotumika katika matunzo hayo iliokoa dola 7 na senti 15.

SASA TURUDI NYUMBANI

Sisi Tanzania hatukubaki nyuma katika kujaribu. Katika miaka ya 2000 wizara na idara nyingi ziliandika Mikataba ya Huduma kwa Mteja, ambayo humwambia mwananchi atahudumiwa kwa siku ngapi. Mwaka 2004 ulianza mfumo wa wazi wa kupima kazi za watumishi uitwao OPRAS, ambao baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Majirani zetu wa Kenya walianza mikataba ya utendaji mwaka 2004, na ofisi zao nyingi zikatafuta cheti cha ISO 9001, ambacho ni cha kanuni za usimamizi wa ubora zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na shirika la viwango la kimataifa lenye makao yake Geneva.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu ni wa hospitali. Huko Colombo, mji mkubwa wa Sri Lanka, hospitali ya wanawake ya Castle Street ilionyesha kwamba njia za viwanda vya Japani zaweza kutumika wodini, hata katika nchi isiyo tajiri. Mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, ambalo ni shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, nchi kadhaa za Afrika zilijifunza kutoka huko, na kwa Tanzania kazi ilianzia katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Hatua zake 5 zilipewa majina ya Kiswahili yanayoanza na herufi moja ili yashikike upesi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Yaani chambua vitu na kuondoa visivyohitajika; panga vilivyobaki mahali vinapoonekana; safisha; weka utaratibu mmoja kwa wote; na udumu nao. Njia hiyo ilienea katika hospitali nyingine nyingi za nchi yetu.

Kabati la dawa lililopangwa ni jambo la uhai. Muuguzi anayetafuta sindano kwa dakika 10 usiku, ilhali mgonjwa yu mahututi, si muuguzi mbaya. Amewekwa katika chumba kibaya. Lakini waliofanya kazi hiyo watakuambia kwamba hatua 4 za kwanza si ngumu kama ile ya tano. Kusafisha chumba kwa siku moja ni rahisi. Kushikilia kwa miaka ni kazi.

Kwa hiyo swali si kama njia hizi zafaa, maana zafaa. Swali ni hili: ofisi ipi iko tayari kuzipokea? Mkulima hapandi kwa sababu amepata mbegu tu; hupanda kwa sababu shamba limekwisha limwa na mvua zimekaribia. Mbegu njema iliyotupwa juu ya ardhi ngumu huliwa na ndege, kisha watu husema mbegu ilikuwa mbovu.

MASWALI MATANO YA KUPIMA UTAYARI

Baada ya kusoma mambo hayo na kuyalinganisha na niliyoyaona, nimejitungia maswali matano. Kila swali nalipa alama 0, 1 au 2. Sifuri ni kwamba jambo halipo. Moja, lipo kwa maneno. Mbili, lipo kwa vitendo.

Swali la kwanza: Je, mkuu wa ofisi huenda mwenyewe mahali kazi inapofanyika? Mkuu anayetoa hotuba ya ubora kila mwaka na kurudi chumbani mwake apata 1. Mkuu anayesimama kwenye foleni ya wananchi walau mara moja kwa mwezi, aone jinsi inavyokwenda, apata 2.

Swali la pili: Je, ofisi huhesabu kazi yake yenyewe? Muulize karani: mwezi uliopita mlipokea maombi mangapi, mangapi yalimalizika ndani ya siku zilizoahidiwa, na mangapi yalirudishwa kwa makosa? Kama mkataba wa huduma umetundikwa ukutani lakini hakuna awezaye kujibu, mpe 1. Kama majibu yapo kwenye daftari au kompyuta, na tena yametumika kubadilisha jambo, mpe 2.

Swali la tatu: Je, mtumishi mdogo aweza kumwambia mkubwa habari mbaya bila kudhurika? Hili nitalieleza peke yake hapa chini.

Swali la nne: Je, ofisi hujua mwananchi anataka nini? Sanduku la maoni lenye kufuli lililoshika kutu ni alama 1, tena kwa huruma. Ofisi inayomuuliza mwananchi anapotoka, kisha ikabandika mlangoni jambo ililolibadilisha kwa sababu ya maneno yake, ina 2.

Swali la tano: Je, utaratibu mwema utabaki mkubwa akihamishwa? Wote twajua desturi ya uhamisho. Akija hodari, ofisi yanyooka. Akiondoka, mambo yarudi yalivyokuwa. Kama utaratibu umeandikwa, na wageni wafundishwa, na wadogo wauona kuwa ni wao, hapo pana 2.

JUU YA HOFU

Kabla ya kushika chaki nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Majalada yalikuwa yakikawia, na kila mara dokezo la kukaripia lilishuka masijala. Tulikuwa na mhudumu mmoja, tarishi kama walivyoitwa zamani, mtu mzima aliyebeba majalada kutoka meza hadi meza. Yeye alijua kila jalada limelala wapi. Siku moja nilimwuliza kwa nini hasemi. Akanijibu, "Mwanangu, aliyesema mwaka juzi alihamishwa."

Kisha alikuja mkuu mpya, mwanamke. Juma lake la pili alimwita yule mhudumu akamwambia, "Mzee wangu, leo nataka tufuatane. Beba jalada moja, nami nitakwenda nyuma yako mpaka lifike mwisho." Mzee akasema, "Sawa, mama," wakaondoka. Kwenye meza ya tatu wakalikuta rundo. Kila jalada lilikuwa likipitia pale ili afisa mmoja alione na kutia sahihi, naye afisa huyo alikuwa safarini. Mkuu akauliza ni agizo gani linalotaka sahihi hiyo. Tukatafuta, hatukuliona. Yule afisa aliporudi akasema kwamba yeye mwenyewe alidhani masijala ndiyo inayoitaka, na kwamba ilimchosha kwa miaka mingi! Sahihi ikaondolewa siku ile ile. Mzee hakuhamishwa. Tangu hapo watu walianza kusema, na mambo mengine mengi yakajulikana ambayo sina nafasi ya kuyaandika.

Msomaji ataona kwamba habari hiyo na ya Madison ni ndugu. Tofauti ni kwamba kwetu aliyeujua ukweli alikuwa na sababu nzuri ya kuuficha. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa asipigwe kwa kutaja maradhi yake, maana akipigwa atayaficha.

Hofu huharibu pia majibu ya maswali yale mengine manne. Ofisi yenye hofu ikiagizwa kuhesabu, itahesabu uongo: karani ataandika kwamba barua ilijibiwa kwa siku 3 ilhali ni 13, kwa kuwa ajua kwamba tarakimu mbaya humletea adhabu. Ikiagizwa kusikiliza wananchi, karatasi za malalamiko zitachomolewa sandukuni kabla mkubwa hajazisoma. Ikiagizwa kupata cheti, itafanya usafi juma moja kabla ya mkaguzi kufika. Kompyuta nazo hazitibu hofu. Huchukua uongo na kuupeleka makao makuu upesi zaidi.

Kwa sababu hiyo, katika hesabu yangu alama ya swali la tatu haijumlishwi, huzidishwa. Jumlisha kwanza alama za maswali manne mengine, ambazo nyingi kabisa ni 8. Kisha zidisha kwa alama ya swali la tatu. Ofisi yenye 8 na hofu nyingi, yaani 0, itapata 8 mara 0, jawabu 0, ijapokuwa ina mkataba ukutani, kompyuta mezani na rangi mpya. Ofisi ndogo ya kata yenye 3 tu, lakini watu wake husema kweli, yaani 2, itapata 6. Nikiambiwa nichague ofisi ya kuanzia mafundisho ya ubora, nitaichagua ile ya kata. Ile kubwa ianze kwanza na kuondoa hofu, na fedha za semina zingoje.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Najua wako watakaosema kwamba ofisi ya serikali si duka. Ni kweli. Muuza duka humpendeza mnunuzi mmoja. Mtumishi wa serikali ana mabwana wawili, mwananchi aliye dirishani na wananchi wote wasiokuwapo. Afisa ardhi anayekataa kumpa mtu kiwanja cha mwenzake amemuudhi aliye mbele yake, lakini amefanya kazi bora. Basi ubora hauna maana ya kusema "ndiyo" kwa kila mtu. Maana yake ni kwamba hata "hapana" itolewe mapema, kwa sababu inayoeleweka, na kwa heshima.

Wengine watasema kwamba ucheleweshaji mwingine ni wa makusudi, maana kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na wapo wanaopata chao foleni ikiwa ndefu. Hilo nalo ni kweli, na mwizi ni wa sheria, hawezi kutibiwa kwa semina. Lakini hapa napo hesabu yasaidia. Ofisi inapojua kwamba ombi la kawaida huchukua siku 4, lile lililokaa siku 40 hujionyesha lenyewe, na mtu aweza kuuliza kwa nini. Gizani wote hufanana.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Yafaa mwanafunzi aanze kupima palipo karibu naye. Asiende kuchungulia ofisi za watu bila ruhusa. Shule yetu yenyewe ni ofisi ya serikali, na Mkuu wa Shule ameruhusu zoezi hili.

1. Chagua kazi moja hapa shuleni: kugawa chakula, kuazima vitabu maktaba, au kutoa ruhusa ya kwenda zahanati. Andika hatua zake zote kwa mpangilio.

2. Kwa siku 10, pima kwa saa muda wa kila hatua. Andika tarakimu kama ulivyoziona, hata kama hazipendezi.

3. Onyesha hatua inayokawiza kuliko zote. Uliza: ni sheria gani inayoitaka? Andika jibu la kila uliyemwuliza.

4. Waulize wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kama wanajua kasoro yoyote ya kazi hiyo, na kama wamewahi kumwambia mwalimu. Kama hawakusema, uliza kwa nini. Usiandike majina yao.

5. Toa alama kwa maswali yale matano, ufanye hesabu yake.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya juma la mwisho la muhula. Yale mazuri kuliko yote nitampa Mhariri ayachape katika toleo lijalo, pamoja na majibu ya walimu. Nimekwisha zungumza na wenzangu juu ya swali la nne, nasi tumekubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayeulizwa alisema nini.